Kitu Kikiharibika, Nani Anapokea Simu

Elia aliponipigia kuniambia kwamba Mzee Jayanti amefariki, nilikuwa katikati ya kusasisha seva ya wafuga nyuki wa Rungwa, na jambo la kwanza lililonijia, kabla ya mzee mwenyewe, lilikuwa kwamba nikiondoka sasa hivi mfumo hautawaka. Elia alisema, kwa lile jina la utani alilonipa, "Profesa, mzee ametutoka," nami nikamwambia asubiri kidogo. Nilisubiri ule mstari wa sasisho ufike mwisho wa kioo, ndipo nikauliza lini, na wapi, na kama mke wake, Mama Nisha, ana mtu wa kukaa naye. Kilio kilikuja baadaye, nikiwa nafunga begi, na hata wakati huo niliiweka kompyuta ndani kabla ya nguo. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kuomba ruhusa kwa mashine kabla ya kuhuzunika.

Nilipofika Singida mjini walikuwa wameshamchoma mzee kwa desturi yao ya Kihindu. Nyumbani kwake, nyuma ya duka la pampu na mabomba, jiko halikuwa limewashwa tangu msiba uanze; majirani ndio walioleta chakula, familia moja ya Kiislamu mtaa wa pili ikileta birika kubwa la chai asubuhi na jioni. Wanawake walikaa chini wamevaa nyeupe. Nilimsalimia Mama Nisha shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanishika kidevu kama zamani akaniambia nimekonda. Kisha akasema Elia yuko kule kwenu. Hakuna aliyehitaji kuniambia kwetu ni wapi.

Kwetu ni chumba cha nyuma cha duka. Siku hizi kimejaa mabomba ya plastiki hadi dirishani, lakini ile meza bado ipo, na ile alama ya mviringo mahali tulipokuwa tukiweka sufuria ya chai bado ipo. Elia alikuwa amekaa juu ya boksi la pampu, amevaa shati zuri la mtu anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Uso wake ulikuwa umetulia. Niliutazama uso ule kwa wivu kidogo, kwa sababu mimi uso wangu sijaupumzisha tangu mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Issuna na simu iliyopasuka kioo na imani kwamba kila kitu duniani kinaweza kusomwa ukikitafuta. Sikuwa na cheti chochote. Nilipakua masomo alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, nikayasoma mchana nikiwa sina bando. Mzee Jayanti alinikuta siku moja nimekaa kwenye ngazi za duka lake nikinasa mtandao uliokuwa ukivuja kupitia dirishani, na badala ya kunifukuza aliniuliza ninasoma nini. Nilimwambia kanzidata, namna ya kupanga taarifa ndani ya kompyuta. Alifikiri, akasema ngazini kuna vumbi, niingie ndani. Elia alikuwa tayari humo, kijana wa Nduguti aliyemaliza chuo, ameajiriwa kuendesha programu ya hesabu ya duka, programu ya kulipia yenye leseni na namba ya simu ya kampuni imebandikwa ukutani. Basi tukawa wawili kwenye meza moja, yeye na programu yake iliyofungwa, mimi na programu zangu huria, ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua bure, akaona zilivyoandikwa ndani, akazibadilisha apendavyo.

Ukuta kati yetu na duka ulikuwa wa mbao, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulimsikia mzee akisalimiana na wateja kwa Kinyaturu, akibembelezwa bei, akiapa kwamba hawezi kushusha zaidi, kisha akishusha. Siku moja mama mmoja aliyekuja kununua koki aliuliza yule msichana anafanya nini humo ndani kutwa nzima na kijana wa watu. Mzee akajibu bila kucheka, "Anafuga nyuki." Mama akauliza, ndani ya nyumba? Mzee akasema, "Ndani ya kompyuta. Hawaumi, lakini na asali bado sijaiona." Elia alilaza kichwa mezani akacheka hadi machozi. Mimi nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyuki wenyewe waliletwa na Bwana Lameck, katibu wa kikundi cha wafugaji kutoka Rungwa, pembeni mwa pori la akiba, ambaye safari zake za mjini zilianzia dukani kwa mzee. Alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Siku hiyo alikuja kutafuta pampu akaishia kueleza shida. Mnunuzi wao wa Dar, ambaye alipeleka asali nje ya nchi, alikuwa amewaambia kwamba kuanzia msimu ujao kila ndoo lazima ionekane kwenye tovuti imetoka kwenye mizinga ya nani na upande gani wa pori. Wakishindwa, hatanunua, na wao watarudi kwa wale wachuuzi wa barabarani wanaochanganya asali na maji ya sukari kisha wanaiita asali ya Rungwa. Lameck alisema hilo la mwisho taratibu. Nilielewa kwamba kwake halikuwa suala la soko tu. Ilikuwa ni jina lao. Mzee Jayanti akamwambia kupitia kaunta, kana kwamba anamuuzia pampu, "Usiwe na wasiwasi. Watoto wangu hawa wawili watakutengenezea." Hakutuuliza.

Elia alitaka tutumie jukwaa la kampuni moja ya nje. Unafungua akaunti, unachagua fomu, unavuta visanduku kwa kidole, unapanga, na kabla ya chakula cha mchana una tovuti inayopendeza kuliko ya wizara. Kanzidata iko kwao, ulinzi uko kwao, ukikwama unawaandikia wanajibu. Alinionyesha siku ya kwanza, nami moyo ukaniruka kwa jinsi ilivyokuwa nzuri, halafu nikaanza kutafuta ubaya wake. Huwezi kuona ndani. Huwezi kubadilisha fomu zaidi ya walivyokuruhusu. Siku wakipandisha bei au wakifunga kampuni, asali ya Rungwa inabaki kwenye kabati la watu wengine na ufunguo wanao wao. Elia alisikiliza yote, akaniuliza ya kwangu itakuwa tayari lini. Nikasema kwanza lazima nilinganishe.

Nililinganisha. Nikilikumbuka neno hilo leo mabega yananiuma. Nilisakinisha kanzidata huria ya kwanza, nikaijaza mizinga ya kubuni, nikaipima. Nikasikia kwenye jukwaa fulani la mtandaoni kwamba kuna nyingine iliyo bora kwa data inayokua, nikafuta nikaanza upya. Nikabadilisha mfumo wa kuandikia tovuti kwa sababu mtu mmoja nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, aliandika kwamba ule wa kwanza umepitwa na wakati. Kila jioni nilikuwa nimejifunza mengi na sikuwa na kitu cha kuonyesha. Mvua zilinyesha, zikakatika, watu wakapalilia alizeti, zikachanua, nami nilikuwa bado nachagua. Mama Nisha aliniletea chapati nyembamba zenye majani ya uwatu na achari ya embe, akiniwekea karibu na mkono kwa sababu alijua sitanyanyuka, na mara nyingi nilizila zimeshakuwa ngumu. Nilidhani hiyo ndiyo bidii. Nilikuwa naogopa tu. Kitu kisichokamilika hakiwezi kuchekwa na mtu.

Kulikuwa na siku moja niliyodhani imenipa ushindi. Ilikuwa siku ya mnada, duka limejaa, Elia akawasha programu ya hesabu na kioo kikamwambia leseni imekwisha muda wake. Bei zote zilikuwa humo. Stoo nzima ilikuwa humo. Elia alipiga ile namba ya ukutani, akaambiwa asubiri, akapigiwa muziki, na wakati muziki unaendelea Mzee Jayanti alikuwa mbele akiuza mabomba kwa kichwa chake, akikosea bei na kucheka na wateja. Nilisimama mlangoni. Nadhani uso wangu ulisema yote. Mchana leseni ilipofunguliwa, mzee aliingia akiwa na jasho, akakaa, akanitazama.

"Najua unachofikiri," akasema. "Kwamba mimi nimefungwa kamba na watu wa Dar."

Nikasema ndiyo, mzee, samahani.

"Ni kweli. Lakini Elia amepiga, mtu akapokea. Kitu chako hicho cha bure, kikiharibika, nani anapokea simu?"

Nilianza kumweleza kuhusu jumuiya, maelfu ya watu duniani wanaosaidiana, mabaraza ya maswali na majibu. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akarudia swali lile lile, neno kwa neno, akatoka kwenda kuuza.

Msimu wa kurina ulipofika mfumo wangu ulikuwa bado, kwa hiyo kikundi kikaanza na wa Elia. Sikulala vizuri. Kila jioni Lameck au msaidizi wake aliingiza ndoo kwenye simu, akipanda kwanza kwenye jiwe moja kubwa ambako mtandao unashika, na sisi mjini tuliona ndoo zikijipanga kwenye ramani kwa rangi ya njano. Mnunuzi aliona pia, akafurahi. Alifurahi mno. Akampigia Lameck kumwambia kwamba anataka kuleta wageni kutoka nje waje kumtembelea mfugaji bora wa kikundi, huyu bwana anayeitwa Shabani, ambaye peke yake amezalisha zaidi ya nusu ya asali yote.

Lameck alitupigia akiwa juu ya jiwe lake, upepo unavuma kwenye simu. "Elia, mdogo wangu," alisema, "umemfanya Shabani kuwa tajiri wa asali. Shabani shemeji yangu. Yule akisikia nyuki anajifunga kanga ya mke wake usoni."

Shabani alikuwa mwenye guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Hakuwa na mzinga hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kukusanya ndoo za watu porini na kuzileta kituoni. Fomu ya Elia ilidai ndoo moja iwe na mmiliki mmoja, tena ilikataa kuendelea ukiacha nafasi hiyo wazi, na msaidizi wa Lameck, aliyeona kwamba ndoo haina mmiliki mmoja, aliandika jina la aliyeileta. Kule ndugu hurina pamoja. Anayeingia porini hurina mizinga yake na ya kaka yake na ya marehemu baba yao, asali inaingia ndoo moja, na mgawanyo wanaujua wenyewe. Kinachotambulisha mzinga si jina. Ni alama iliyochongwa kwenye gogo: baba alikuwa na yake, kila mtoto akaongeza mkato wake pembeni, na mtu akiukuta mzinga porini anasoma alama kama sisi tunavyosoma bango. Elia alijaribu kubadilisha fomu siku nzima. Jukwaa halikuruhusu. Aliwaandikia wenye kampuni, wakamjibu upesi na kwa upole kwamba wamelipokea pendekezo lake.

Kwenye mfumo wangu alama zilikuwemo. Sisemi kwa kujivuna. Zilikuwemo kwa sababu nilikuwa na hofu ya kukosea, na hofu hiyo ilinifanya nimpigie Lameck mara nyingi kuliko alivyopenda, nikimuuliza mambo madogo hadi akaniita daktari. Nilikuwa nimetenga mahali pa alama, mahali pa mizinga, mahali pa ndoo, na njia ya kuziunganisha, ndoo moja kwa mizinga mingi, mzinga mmoja kwa watu wengi. Kanzidata huria iliniruhusu kuunda hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa mlangoni wa kukataa. Lakini mfumo ulikuwa umekaa tu, haujawahi kuonwa na mtu, na kule Dar mnunuzi alikuwa ameshapanga safari.

Elia hakubishana. Alivuta kiti chake upande wangu akasema, haya, Profesa, tuzihamishe data kwako. Kumbe kuhamisha nako kulikuwa na mlango wake. Akaunti aliyofungua haikuruhusu kuchukua data zote kwa pamoja. Ungeweza kuziangalia moja moja tu, kama nguo kwenye dirisha la duka. Kwa hiyo yeye alisoma kwenye kioo chake, mimi nikaandika kwenye changu, na Lameck juu ya jiwe akawaita wenye ndoo mmoja mmoja watuambie alama. Sauti zao nazisikia bado. Mmoja alisema alama yake ni mguu wa kuku. Mwingine mshale, mkato mmoja juu, miwili chini. Mzee mmoja alikataa kabisa kuitaja kwenye simu kwa watu asiowajua, hadi Lameck alipomwambia kwamba mmoja wao anafuga nyuki ndani ya nyumba. Tulikula ugali wa mtama na mlenda tukiwa hatuangalii sahani. Mama Nisha alisimama mlangoni akatusikiliza tukisema kwa kupokezana mguu wa kuku, mshale, jembe, mwezi, akauliza kama tumeanza kanisa.

Mfumo ulipokamilika sikutaka kuufungua. Hapo ndipo ninapochoka zaidi nikikumbuka. Kila kitu kilifanya kazi, Elia alipima, Lameck alipima, lakini tarehe zilionekana zimepangwa mwezi kabla ya siku, na kitufe kimoja kilikaa chini kidogo ya wenzake. Nilisema nipeni muda kidogo. Elia alikunja mikono kichwani. Mzee Jayanti akaingia na glasi ya chai ya tangawizi, akauliza iko sawa au haiko sawa.

"Bado kidogo, mzee."

"Nimekuwa nikiisikia hiyo bado kidogo kupitia ukuta tangu masika," akasema. "Nimekuuliza swali, hujanijibu. Kitu kikiharibika, nani anapokea simu?"

Nilisema, "Mimi."

"Basi fungua."

Nikafungua. Wageni walikuja, wakapelekwa kwa wenye mizinga halisi, wakaonyeshwa alama kwenye magogo na alama zile zile kwenye simu zao, wakanunua. Shabani aliwaendesha kwenye guta akiwa amejifunga kanga. Baada ya hapo Lameck alileta sega zima limefungwa kwenye majani, tukalila pale mezani na chapati za uwatu, sisi watano, nta ikishika menoni. Sijala chakula kingine kizuri kama kile. Elia aliinua kipande akasema umenishinda, Profesa, kwa sauti isiyo na uchungu, na mwaka ulipoisha akaenda Dar kufanya kazi na kampuni ya majukwaa ya kulipia. Nilidhani ameukimbia ukweli. Siku hizi nadhani alikwenda kulala.

Kwa sababu mimi ndiye niliyebaki na simu. Tangu siku ile napokea. Nimepokea nikiwa shambani, nikiwa harusini kwa dada yangu, nikiwa nimelazwa na dripu mkononi. Programu zenyewe hazikunigharimu kitu, lakini seva inadai, masasisho yanadai, wadukuzi hawapumziki, na kila kitu kinapobadilika ni mimi. Kikundi kiliwahi kuniuliza kama naweza kumfundisha mtu mwingine. Nilisema ndiyo, ila kwanza nisafishe nilichoandika, nisiaibike. Sikumaliza kusafisha. Nilizunguka nikiwaambia vijana kwamba programu huria haina mwenye ufunguo, na ufunguo wa hii ulikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Hayo nilikuwa namweleza Elia tukiwa tumekaa juu ya maboksi ya pampu, chai ya majirani mkononi, simu ilipolia. Lameck. Alitoa pole ya msiba kwanza, ndefu, kama inavyotakiwa, kisha akasema ndoo zimeshafika kituoni, lori la mnunuzi limewasha injini, na tovuti inaonyesha ukurasa mweupe. Ilikuwa ni lile sasisho langu la asubuhi ya simu ya Elia. Nilifungua kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nilisoma mistari yangu mwenyewe nikaiona kama michirizi. Sikuweza. Nilikaa tu.

Elia alinyoosha mkono. "Si ni huria?" akasema. "Nifungulie basi."

Nilimtajia nenosiri. Lilinitoka kama jino. Alisogeza kompyuta kwake akaanza kusoma, akakutana na maelezo niliyokuwa nikiyaacha katikati ya msimbo miaka yote, na akayasoma kwa sauti. Samahani, hapa nitarekebisha. Samahani kwa yeyote atakayesoma hapa, nilikuwa na haraka. Samahani, hii ni mbaya najua. Alisoma kama matatu au manne, akafuta macho kwa mkono wa lile shati zuri. Sikujua ni kwa ajili ya mzee au kwa ajili yangu. Kisha akalirudisha sasisho nyuma, akaziba mahali kwa njia ambayo mimi nisingethubutu, na ukurasa ukafunguka.

"Imekubali," Lameck alisema kwenye simu. "Huyo fundi ni nani?"

"Elia," nikasema. "Elia wa Mzee Jayanti."

"Yule aliyemtajirisha Shabani?" Nyuma yake nilisikia watu wakicheka, na ndoo zikianza kupandishwa.

Niliangalia kioo. Tarehe zilikuwa zimerudi kuwa mwezi kabla ya siku, na kile kitufe kilikuwa chini kidogo ya wenzake. Kidole changu kilikwenda chenyewe kuelekea kibodi. Wakati huo Mama Nisha akaita kutoka uani kwamba chai inapoa, twende tukakae na watu. Niliweka simu yangu juu ya meza, pale kwenye alama ya mviringo ya sufuria, mbele ya Elia, nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni ilipolia tena. Niliisikia ikilia, nikaendelea kutembea, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema haloo.